Somo la Vifaa: Msumeno wa Kutikisika

Mwanachama atakayefika Nzuguni, Dodoma, kwa maonyesho ya Nane Nane ataona nyumba mpya nyingi, na ndani yake kazi moja ya kuudhi: fundi aweka taili, kumbe miimo ya mlango yagusa sakafu na taili haina pa kupita. Msumeno wa mkono haulali chini. Grenda hula kupita kiasi na huunguza mbao.

Hapo yafaa mashine ndogo ambayo bapa lake la meno halizunguki, bali hutikisika kulia na kushoto kama digrii 3 tu, mara 10,000 mpaka 20,000 kwa dakika. Asili yake ni msumeno wa kukatia plasta ya mvunjika mfupa, uliotengenezwa na Fein ya Ujerumani mwaka 1967. (Usijaribu bapa la mbao kwa kidole chako!)

Tazama bapa kabla ya mashine. Bapa huisha upesi, na matundu ya kulifungia hutofautiana. Pasipo la akiba dukani, usinunue. Bapa la mbao tupu likikuta msumari meno yamekwisha, basi kwa miimo ya zamani taka la mbao na misumari. Saruji kati ya taili yataka lenye chembe za kabaidi.

Kisha soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Marekani ya volti 120 itaungua. Ya betri ni ghali, lakini nyumba isiyotiwa umeme haina nyingine.