Kuhudumia Familia za Milimani Mjini: Somo Kutoka Cincinnati

Kati ya miaka ya 1940 na 1970, takriban watu milioni 3 waliondoka katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Mashine zilikuwa zimechukua kazi za wachimbaji wa makaa ya mawe, na miji yenye viwanda ilihitaji wafanyakazi. Huko Cincinnati, wengi walipanga nyumba katika mitaa ya Over-the-Rhine na Lower Price Hill.

Kwa kuwa wengi wao ni Wazungu na huongea Kiingereza, ni rahisi afisa kuwaona kama wenyeji wengine tu. Hapo ndipo makosa huanzia. Mtoto asipofika shuleni Ijumaa, mwalimu hudhani wazazi hawajali, kumbe familia imerudi Kentucky kuzika au kumuuguza nyanya. Mama akinyamaza mbele ya fomu, huandikwa kuwa mkaidi. Huenda lafudhi yake imechekwa mara nyingi, naye ameona heri anyamaze.

Mhudumu mwenye uzoefu huweka fomu kando kwanza. Huuliza, "Watu wenu ni wa wapi?", hutaja na kwao, kisha hungoja. Pia huuliza ni nani mwenye kauli nyumbani, kwani huenda nyanya ndiye huamua mtoto apelekwe kliniki lini. Si kila familia iko hivyo, hasa wajukuu waliozaliwa mjini, ndiyo maana huuliza.

Mwaka wa 1992, jiji la Cincinnati lilipiga marufuku ubaguzi wa kazi na nyumba kwa misingi ya asili ya Appalachia. Lakini mgonjwa aliyechekwa mapokezini haendi kwa wakili. Hurudi nyumbani na ugonjwa wake.