Kivinjari Kinapoitikia Fumbo: Tatizo la Kitenzi "Kuauni"

Waswahili walijua kuficha ujumbe kabla ya tarakilishi kuwako. Katika mchezo wa kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa, "kesho" ikawa "shoke". Asiyeijua kanuni husikia sauti asipate maana. Video zinazouzwa kwenye intaneti hufichwa kwa msingi uo huo, ijapokuwa kanuni yake ni ya kihisabati na ufunguo hutolewa na seva kwa aliyelipia. Makala haya yanajadili namna tovuti inavyobaini iwapo kivinjari kinaweza kulifumbua fumbo hilo, na namna Kiswahili kinavyopaswa kulieleza jambo lenyewe.

Utaratibu unaofuatwa uliidhinishwa na W3C, jumuiya inayoweka kanuni za wavuti, mwaka 2017. Mabishano yalikuwa makali. Electronic Frontier Foundation ilijiondoa katika jumuiya hiyo. Kwa mujibu wa utaratibu huo, tovuti haina haja ya kukisia kwa kutazama jina la kivinjari. Huuliza: je, unao mfumo huu wa funguo, mathalani Widevine ya Google, PlayReady ya Microsoft au FairPlay ya Apple? Swali huandamana na masharti kuhusu aina ya faili, kodeki na kiwango cha ulinzi. Kivinjari huyapitia mafungu ya masharti kwa mpangilio, kikarudisha fungu la kwanza kinaloweza kulitimiza. Kisipoweza hata moja, hukataa.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, mwenendo huu si mgeni. Mtegaji wa kitendawili husubiri kwanza asikie "tega". Huko Kitui na Makueni, mtegaji wa Kikamba humwambia mwenzake "kwata ndaĩ", naye huitikia "nakwata". Mwitiko huo si ufumbuzi. Ni ithibati tu kwamba hadhira ipo na inaujua mchezo.

Utata huzuka pale anapoitikia asiyeelewa. Mipango miwili ya usimbaji wa video iliyoenea zaidi ni cenc na cbcs. Kanuni za 2017 hazikuwa na nafasi ya kuuliza ni mpango upi unaotakiwa. Nafasi hiyo iliongezwa baadaye. Basi kivinjari cha zamani kikikutana na sharti hilo hakilikatai, bali hulipuuza na kuitikia "ndiyo". Tovuti ikiuamini mwitiko huo, huenda ikatuma video ya cbcs kwa kifaa kinachojua cenc pekee, na mtazamaji akabaki na kioo cheusi. Njia ya kuepuka kosa hili ni kulisoma jibu lenyewe badala ya kuridhika na "ndiyo". Kivinjari kinacholitambua sharti hulitaja tena ndani ya jibu. Kisicholitambua huliacha nje kabisa.

Sasa itazamwe sentensi "kivinjari chako hakiauni video hii". Kitenzi kimoja kimebebeshwa hali tatu: kutolitambua swali, kulitambua bila kuwa na uwezo, na kuwa na uwezo wa kiwango cha chini. Hali ya tatu ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Widevine ina viwango 3 vya ulinzi, na simu iliyo katika kiwango cha L3, ambapo kazi yote hufanywa na programu pasipo ulinzi wa maunzi, hunyimwa picha za ubora wa juu na huduma nyingi.

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, anatafuta filamu ya kujadiliwa katika semina. "Hakiauni" haimwambii kama asasishe kivinjari, atumie kingine, au akubali picha hafifu. Pengine atanunua bando jingine bure, akidhani tatizo ni mtandao.

Kiswahili hakina upungufu hapa. "Hakitambui mpango huu wa usimbaji", "kinautambua lakini hakina mfumo wa funguo unaohitajika", na "kinamudu picha ya ubora wa chini tu" ni kauli tatu zilizo wazi, na hakuna hata moja inayohitaji neno jipya. Anayestahili uangalifu zaidi ni mwanaistilahi aliyeunda "usimbaji" na "usimbuaji". Kauli ya kutendua ameitumia ipasavyo, kama ilivyo katika kufumba na kufumbua, ila katika kioo kidogo cha simu irabu moja huponyoka jichoni kwa urahisi, na maana ikageuka kinyume.