Bujumbura Wakati wa Kipupwe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mume na Mke

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika Burundi, na Bujumbura hujaa wageni. Warundi wa ughaibuni hurudi kwa ajili ya harusi, na wenzetu kutoka Kigoma, Dar es Salaam na Nairobi huja wawili wawili kupumzika na kutembea. Wengi hupanga safari yao kwa kuhesabu kilomita, na hapo ndipo wanapokosea. Mji huu unakwenda kwa saa: mlima una saa yake, ziwa lina saa yake, barabara nazo zina saa zake. Wanaopuuza saa hizo huishia kununiana. Haya hapa chini yasomeni wote wawili, si mmoja akamsimulie mwenzake.

Fungasheni sweta na koti. Msiseme mmeambiwa Bujumbura ni joto. Mjini ni joto kweli, kwa kuwa mji umekaa bondeni, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini shikeni barabara kuu namba moja kuelekea Bugarama. Ni kilomita kama 35 tu, na ndani ya mwendo huo mfupi mtakuwa mmepanda hadi mita 2,200 hivi. Masikio yanaziba, mikono inaanza kutafuta mifuko, na aliyevaa kandambili na fulana anatamani kurudi kabla hajashuka garini. Pale Bugarama kuna soko la barabarani ambalo peke yake linatosha kuwa sababu ya safari. Karoti zimeoshwa zikang'aa, zimefungwa mafungu pamoja na majani yake; kuna kabichi, viazi na vitunguu; na akina mama wauzaji wamejifunga vitenge juu ya makoti mazito, wanakimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Shukeni garini, nunueni, salimianeni nao. Msinunue kupitia dirishani kisha mkaondoka. Huko siko kutembea.

Ondokeni mjini alfajiri, na mlimani mteremke jua lingali juu. Sheria hii msiivunje kwa kisingizio chochote. Barabara ile ina kona kali na malori mazito, na ina vijana wa baiskeli. Wakati wa kushuka wanakuja mbio wamebeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa. Wakati wa kupanda wananing'inia nyuma ya malori ili wavutwe. Wanatafuta riziki kwa kuhatarisha roho zao. Dereva wenu asiwapigie honi kwa hasira wala asiwabane ukingoni. Akikimbia, mwambieni apunguze. Mke akisema anaogopa, mume asimwambie anadeka.

Msikodi gari kabla ya kuuliza habari ya mafuta. Kwa miaka ya karibuni uhaba wa petroli umekuwa sehemu ya maisha ya Burundi, na foleni za vituoni huweza kuchukua siku nzima. Kubalianeni na dereva tangu jana yake: tangi lina kiasi gani, na kitatosha kwenda na kurudi? Dereva anayejibu "tutapata njiani" mwacheni.

Tazameni kushoto kwanza mnapovuka barabara. Burundi magari hupita upande wa kulia. Aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda amezoea kutazama kulia, na mazoea hayo hapa yanaua. Shikaneni mikono mkivuka. Tena, msitegemee pikipiki wala bajaji kuwafikisha katikati ya mji: Machi 2022 vyombo hivyo vilipigwa marufuku huko. Tumieni teksi ya gari, na bei mpatane kabla ya kupanda.

Jumamosi asubuhi tulieni. Ni saa za kazi za maendeleo za jamii. Watu wanatoka kufagia, kuchimba mitaro na kujenga, na magari husimama mpaka kazi ziishe. Mgeni anayelazimisha safari saa mbili asubuhi atakutana na askari njiani, na hatakuwa na la kujitetea. Julai mosi vilevile, siku ya uhuru uliopatikana mwaka 1962, msipange mizunguko ya gari mjini.

Nendeni kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, na mwende kwa adabu. Liko mlimani juu ya mji, na ukiwa pale unauona mji wote unavyoteremka hadi ziwani. Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alikiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961 akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi akiwa katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kwa hiyo mahali hapo si pa kukumbatiana mkipiga picha za mapenzi. Simameni, someni yaliyoandikwa, mnyamaze kidogo. Inaniuma kuona wageni wanaweka chupa za soda juu ya ngazi za kaburi la mtu aliyekufa kwa ajili ya nchi yake. Picha ombeni ruhusa kwanza, na popote mjini msielekeze kamera kwa askari, bandari, uwanja wa ndege wala majengo ya serikali.

Msidanganyike kuhusu jiwe la Mugere. Liko kusini mwa mji, kilomita kama kumi kwenye barabara ya Rumonge, na limechorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Mtasikia watu wakisema ndipo walipokutana. Walikutana Ujiji, Kigoma. Hapa walilala siku mbili wakiwa safarini kwa mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia, na tumaini la kwamba ziwa hili lilikuwa linapeleka maji Nili kwa njia hiyo likafa.

Kwenye hifadhi ya Rusizi nendeni na mwongozaji wake. Kuna viboko, mamba na ndege wengi, na hakuna mnyama kati yao anayejali kwamba mko fungate. Msishuke kwenye mtumbwi pasipo kuambiwa. Barabara ya kwenda huko ndiyo iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, na upande wa pili hakujatulia. Ulizeni hotelini asubuhi ileile kabla ya kuondoka. Habari za wiki iliyopita hazifai.

Jua likianza kuzama, tokeni ufukweni. Viboko wa Tanganyika hupanda nchi kavu usiku kula majani, hata ndani ya mji. Watu wa hapa wanalijua hilo na wanaondoka kandokando ya maji mapema. Wageni ndio wanaobaki kwenye mchanga gizani wakisema wanataka faragha. Faragha itafuteni hotelini. Mchana nao, kipupwe huleta upepo wa kusini na mawimbi makubwa, na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa. Asiyejua kuogelea asivutwe na mwenzake kuingia.

Mume usimwahidi mkeo milima ya Kongo. Mwezi Agosti vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hufunika ng'ambo ya ziwa, na safu ile nzuri haionekani siku nyingi. Anayeitaka milima aje msimu wa mvua, aitazame mvua ikisha kunyesha.

Kuleni mukeke, lakini agizeni kabla njaa haijawauma. Samaki huyu huchomwa mzima akaletwa na vitunguu, ndizi na pilipili, na haandaliwi haraka. Msimkaripie mhudumu. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu, basi siku zifuatazo mukeke na ndagala, yaani dagaa, huadimika na bei hupanda. Hapo kuleni mishikaki ya mbuzi, wala msinung'unike.

Tembeeni Buyenzi. Huu ndio mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na Kiswahili chenu hapo kitawafungulia milango. Ingieni kwa salamu, vaeni kwa heshima, msipite mbele ya msikiti wakati wa sala mkicheka. Mitaa mingine anzeni na salamu ya Kirundi, "Amahoro", kisha ndipo mseme Kiswahili.

Msishikane kimapenzi hadharani, na chukueni nakala ya cheti cha ndoa. Mwaka 2017 serikali iliwaamuru wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kwisha. Jambo la ndoa hapa linachukuliwa kwa uzito. Karatasi moja mkobani itawaepusha na maswali ya mapokezi.

Mke asiguse ngoma. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na tangu 2017 sheria inawakataza wanawake kuzipiga, wao hucheza. Hata kama mnaona si haki, mgeni haendi kubishana uwanjani na wapiga ngoma. Tazameni, pigeni makofi, lipeni wanachostahili.

Fedha kabidhianeni mapema. Njooni na dola mpya, kwa sababu kadi hukubaliwa mahali pachache. Badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni. Kijana wa barabarani atawaahidi faranga nyingi zaidi, tena nyingi sana, lakini biashara yake haina kibali cha sheria na mtakaokamatwa ni ninyi. Nusu ashike mume, nusu ashike mke, na kila jioni mhesabu pamoja.

Mume usimwache mkeo hotelini ukaenda kunywa bia ya Primus na wenyeji. Hamkusafiri pamoja ili mmoja wenu atazame ukuta. Kama umechoka kumsindikiza sokoni, sema, mpumzike wote. Na yeye akichoka na mpira wa baa, ondokeni wote.

Hoteli wekeni nafasi tangu Mei. Julai na Agosti ni miezi ya harusi, na vyumba huisha.