Alama ya Sikio na Daftari la Mfugaji



Sherikat iko upande wa mashariki wa Mto Nile, kando ya barabara ya Juba hadi Nimule yenye urefu wa kilomita 192. Mifugo hupita humo kwenda sokoni, na mnyama aliyeibwa aweza kupita njia hiyo hiyo. Watu wawili wakidai mbuzi mmoja mweupe, kila mmoja akiwa na mashahidi wa ukoo wake, sisi polisi hatuwezi kuamua kwa kutazama nyuso. Ushahidi ukikosekana, madai hugeuka kisasi, na kisasi huua watu kwa ajili ya mbuzi.

Kwa sababu hiyo, itifaki ya kupambana na wizi wa mifugo iliyoandaliwa mwaka 2008 chini ya umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ilitaka mifugo itambuliwe na kumbukumbu zake zitunzwe. Tanzania nayo ilitunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na huko wanyama huvishwa hereni zenye namba.

Yafaa mfugaji azingatie haya:

1. Hereni ivishwe na mhudumu wa mifugo au mtu aliyefunzwa, kwa koleo safi. Kwa mbuzi, itobolewe katikati ya sikio, mbali na mishipa ya damu. Kidonda kichunguzwe hadi kipone.

2. Kila namba iwe ya mnyama mmoja tu. Iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na jinsia, rangi, umri na mahali mnyama alikotoka.

3. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa mzee wa mtaa.

4. Mnyama akiuzwa, namba iandikwe kwenye hati ya mauzo mbele ya mashahidi.

Wanyama wadogo nao wana mahitaji yao. Simbilisi, wanaofugwa na kaya nyingi za Kivu ya Kusini kwa ajili ya nyama, hubebwa kwa urahisi mwenyewe akikimbia vita. Mwizi naye huwabeba kwa urahisi huo huo. Sikio la simbilisi ni jembamba na huchanika upesi, hivyo hereni ya mbuzi haimfai. Hutumiwa hereni ndogo nyepesi ya chuma. Mwenye simbilisi wachache wenye mabaka aweza kupiga picha ya kila ubavu, kwa kuwa mabaka ya mmoja hayalingani na ya mwingine.

Huenda mtu akauliza: mwizi akikata sikio je? Sikio lenye jeraha jipya ni sababu ya kutosha ya kumhoji aliye na mnyama huyo. Tena rangi na picha zilizo daftarini hazikatwi kwa kisu. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Hereni isiyoandikwa popote ni pambo tu.

Mnyama akipotea, tuleteeni namba yake mara moja, ili tuwaarifu wenzetu walio mbele barabarani kabla hajafika mbali. Msifuate nyayo mkiwa na silaha. Namba iliyoandikwa mapema hutuwezesha kumrudisha mbuzi kwa mwenyewe pasipo mtu yeyote kuzikwa.