Viza Si Kibali cha Kukaa: Maelezo kwa Waendao Ujerumani

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Serikali ya Kenya na Serikali ya Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya watu watakao kwenda Ujerumani kufanya kazi au kujifunza. Habari hizo zilienea upesi, na wako waliodhani kwamba nafasi zilikwisha kuhesabiwa na kugawanywa. Sivyo. Serikali ya Ujerumani ilieleza siku zile zile kwamba mapatano hayakutaja idadi yo yote ya watu, na kwamba kila aombaye hana budi kutimiza masharti ya sheria. Basi yafaa sheria hiyo ifahamike, hasa sehemu moja ambayo ni rahisi kuikosea.

Nayo ni hii: viza na kibali cha kukaa ni vitu viwili. Viza hutolewa na Ubalozi wa Ujerumani kabla mtu hajaondoka kwao. Kazi yake ni kumwingiza nchini. Muda wake mara nyingi ni miezi michache, wala hauzidi mwaka mmoja. Kibali cha kukaa hutolewa huko huko Ujerumani na ofisi ya wageni ya mji au wilaya anayokaa mtu, iitwayo kwa Kijerumani Ausländerbehörde. Viza ni kuitikiwa hodi. Kibali ndicho kukaribishwa kuketi.

Tena viza yenyewe iwe ya namna ipasayo. Viza ya matembezi, ambayo humruhusu mtu kukaa siku 90 tu katika kila siku 180, haigeuzwi kuwa kibali, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria.

Mgeni akisha fika, afuate mambo haya kwa utaratibu wake.

Kwanza, ajiandikishe mahali anapokaa. Sheria yampa majuma mawili tangu siku aliyohamia. Achukue pasipoti yake, pamoja na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia pale. Asiipuuze barua hiyo, maana bila anwani iliyoandikishwa mambo mengi mengine hukwama. Akihama baadaye, hujiandikisha upya.

Pili, aombe kibali katika ofisi ya wageni. Katika miji mikubwa watu ni wengi na nafasi za kuonana na maofisa ni chache. Kwa hiyo aanze kuitafuta nafasi mapema, wala asingoje mwezi wa mwisho wa viza.

Tatu, awe na hati zake zote: pasipoti, picha, hati ya kujiandikisha, bima ya matibabu, na uthibitisho wa jambo lililomleta, kama vile mapatano ya kazi au barua ya chuo. Aonyeshe pia kwamba ana fedha za kumtunza. Kwa mwanafunzi asiye na mdhamini wala msaada wa masomo, kiasi kilichowekwa mwaka 2024 kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kila mwezi. Kwa kawaida fedha hizo huwekwa katika akaunti maalum, naye huruhusiwa kutoa sehemu tu kila mwezi. Kiasi hicho hubadilika mara kwa mara. Yampasa mtu auulize Ubalozi kabla ya kusafiri.

Nne, atatoa alama za vidole na kulipa ada. Kibali hutengenezwa kwa namna ya kadi, nayo huchukua majuma kadhaa kuwa tayari.

Sasa tufikie jambo lenye hatari kuliko yote. Tuseme viza za vijana wawili zinakwisha tarehe 30 Juni. Wa kwanza apeleka maombi yake tarehe 20 Juni. Ofisi ina kazi nyingi, na miezi miwili yapita bila jibu. Kijana huyu hana kosa. Sheria yasema kwamba aliyeomba kabla ya muda kwisha huhesabiwa kuwa na ruhusa yake ya zamani mpaka ofisi itakapoamua, naye hupewa hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Wa pili apeleka maombi tarehe 2 Julai. Amechelewa siku mbili tu, lakini ruhusa yake imekwisha. Pengine ofisi itamhurumia, lakini huruma si haki. Asipohurumiwa, aweza kukosa kazi, masomo, na hata kuamriwa aondoke nchini. Wahenga walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mwenye kibali naye akumbuke kwamba amepewa kwa ajili ya jambo fulani. Aliyekuja kusoma hawezi kuacha chuo na kushika kazi ya kutwa kama apendavyo. Tangu Machi 2024 mwanafunzi ameruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima, au siku 280 za nusu, kwa mwaka. Akitaka kubadili shughuli, na aombe ruhusa kwanza, kisha abadili.

Afuataye utaratibu huu hufunguliwa njia. Kwa kawaida, baada ya miaka mitano, mgeni aliyejitunza mwenyewe, akalipa michango ya malipo ya uzeeni na kujua Kijerumani cha kutosha, aweza kuomba kibali kisicho na mwisho.

Basi kila asafiriye aandike katika daftari lake tarehe mbili: siku aliyohamia nyumbani mwake, na siku viza yake itakapokwisha. Na kila hati anayoitoa ofisini, abaki na nakala yake.