Kuzisoma Chembe Nyeupe za Damu

Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida huwamo chembe nyeupe 4,000 hadi 11,000. Lakini jumla pekee yaweza kutupotosha. Tuchukue mfano wa kijana aliyepimwa akakutwa na chembe 9,000. Idadi hiyo ni ya kawaida. Hata hivyo, iwapo asilimia 20 ya chembe hizo ni eosinofili, basi anazo 1,800, ilhali kwa kawaida hazizidi 500. Ongezeko hilo laweza kuletwa na minyoo, kichocho au pumu. Hivyo choo na mkojo navyo vipimwe. Kinyume chake, baadhi ya Waafrika wenye afya njema huwa na chini ya 4,000 kwa urithi tu. Tarakimu humwongoza tabibu. Hazichukui nafasi ya kumchunguza mgonjwa.