Kuunganisha Mashini Yako Bukavu: Umeme Kwanza, Bisibisi Baadaye

Hapa Bukavu kompyuta tunaiita mashini tu, na mtu akilalamika kwamba mashini yake imekufa, hakuna anayefikiria kinu cha kusaga mihogo. Mimi ni fundi wa mashini hizo. Vijana wa Kadutu, Ibanda na Bagira hunisimamisha njiani waniulize namna ya kujiunganishia ya mezani kwa mikono yao. Haya ni maswali yanayorudi zaidi.

Fundi, nimeweka akiba kidogo kidogo. Ninunue kifaa gani kwanza?

Onduleri, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashini umeme ukikatika. Najua ulitaka niseme prosesa.

Tuna mabwawa mlangoni: Ruzizi ya Kwanza iko tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya Pili tunagawana na Rwanda na Burundi. Hata hivyo delestaji, ule mgao wa umeme, unaijua kuliko mimi. Kinachoua mashini si giza. Ni ile dakika umeme unaporudi: mtaa mzima una pasi, friji na majiko yaliyoachwa yamewashwa, volti zinapanda na kushuka, na kifaa chako kiko katikati ya vurugu hiyo. Ongeza radi. Mwaka 2016 watafiti waliochambua vipimo vya setelaiti ya NASA walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa zaidi na radi duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili waliipa jina la jirani yetu Kabare: miale 205 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba.

Onduleri ndogo iliyoandikwa 650 VA haitakupa saa za kazi, na wati zake halisi ni chache kuliko namba hiyo. Itakupa dakika za kuhifadhi faili na kuzima kwa adabu, na ile nzuri itasawazisha volti pia. Mvua ya radi ikianza, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na hiyo onduleri. Anayetumia betri ya gari na inveta achague inveta ya wimbi safi, kwa sababu visanduku vingi vya umeme vilivyo ndani ya mashini za siku hizi huigomea ile ya bei rahisi.

Si bora laptop basi, yenye betri yake?

Kama wewe ni mwanafunzi unayepanda na kushuka vilima hivi kila siku kwenda chuoni, ndiyo, bora laptop, na usimsikilize fundi anayekuambia vinginevyo. Mashini ya mezani ni ya anayetaka kujifunza, au mwenye sekretariati ya kuchapa na kutoa kopi. Faida yake ni kwamba ikifa, hufa kipande kimoja. Unabadilisha hicho, kazi inaendelea.

Vipande vipya nivipate wapi?

Usianze na vipya. Shule ya kwanza ni mashini ya ofisi iliyokwisha kutumika: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, zile zinazofika zimepangwa kama matofali. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hiyo ofisi nyingi za nje zinatupa mashini zisizo na kosa lolote. Kwenye i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita. Kwenye i5-10400 ni tarakimu mbili za kwanza: cha kumi. Hiyo ya kizazi cha sita ukiiwekea Linux Mint na diski ya SSD, itafanya kazi za ofisi bila kuhema. Faili la Mint ni karibu giga tatu. Lishushe mara moja penye intaneti nzuri, liandike kwenye ufunguo wa USB kwa programu ya kutengeneza USB ya kuwashia, usimalize mega zako nyumbani.

Nenda nalo sokoni. Mwombe muuzaji awashe mashini mbele yako kutoka kwenye USB hiyo kabla hujatoa hata dola moja. Mulika ndani kwa simu: ukiona vikopo vidogo vya kondensa vimevimba kichwani kama mkate, mshukuru na uondoke.

Ukifika nyumbani, ifungue yote. Piga picha kila hatua, fungua hadi meza ijae, kisha irudishe. Rudia. Siku utakapofanya hivyo bila kutazama picha, unaweza kuanza kuota kuhusu vipande vipya.

Kuna mtego mmoja. Mashini nyingi za ofisi zina kisanduku cha umeme chenye plagi ya mtengenezaji mwenyewe, ya pini 6, 8 au 10, si ile ya kawaida ya pini 24. Kikifa, cha dukani hakiingii. Na cha zamani kikiwa na swichi nyekundu mgongoni, isome kabla ya kuchomeka: iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115, na sisi ni 220. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi sikuisoma. Kilipasuka kwa mlio uliomlaza jirani yangu kifudifudi chini ya kitanda, na katika mji huu sikuweza kumcheka. Kisanduku hicho, kiwe kizima au kimekufa, usikifungue kamwe: ndani hubaki umeme wa kukurusha hata baada ya kuchomoa.

Nitajuaje kama prosesa inaingia kwenye ubao mama?

Soketi lazima zilingane, na kulingana kwa jina hakutoshi. Mfano unaowaliza wengi ni LGA 1151 ya Intel. Prosesa za kizazi cha sita na cha saba hukaa humo, za nane na tisa pia hukaa humo, pini ni idadi ileile, lakini ubao uliotengenezwa kwa kundi moja hauwashi kundi la pili. Muuzaji atakuonyesha kwamba "inaingia", na kweli inaingia. Haiwaki tu. Andika jina kamili la ubao, tafuta orodha ya mtengenezaji ya prosesa unazokubali, ndipo ulipe.

Kwa AMD, soketi ya AM4 ni rafiki wa mwenye mfuko mdogo, maana imebeba vizazi vingi vya Ryzen. Kumbuka tu kwamba huko pini ziko kwenye prosesa yenyewe, wakati kwa Intel ziko kwenye ubao. Popote zilipo, pini iliyopinda ni msiba.

RAM ni rahisi zaidi: DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti, haziingiliani. Ukilazimisha, utavunja.

Ni kweli kwamba coltan yetu imo ndani?

Coltan hutoa tantalamu, inayotengenezea kondensa ndogo, nyingi zikiwa kwenye simu na laptop. Lakini kwenye ubao wa mezani tazama ile fedha-fedha inayoshika kila mguu wa kila kipande. Ni lehemu, na tangu Ulaya ikataze madini ya risasi kwenye vifaa vingi mwaka 2006, karibu yote ni bati. Bati hutoka kwenye kasiteriti, ile inayochimbwa Kalehe, Walungu na Shabunda. Siwezi kukuambia bati ya ubao wako ilitoka shimo gani. Ninachojua ni kwamba mawe huondoka hapa kwa magunia, na ubao mama tunaununua kwa dola, tena ambazo hazijachanika.

Ninahitaji vifaa gani vya kazi?

Bisibisi moja ya nyota, brashi laini, na ile krimu ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma kilicho chini ya feni yake. Kiasi cha punje moja ya haragwe dogo kinatosha. Wengine huipaka kama siagi. Kabla ya kugusa chochote, shika chuma cha kasha kitoe umeme tuli mwilini. Hewa yetu yenye baridi ni zawadi kwa prosesa, ila vumbi la kiangazi hufuta zawadi hiyo. Futa feni kabla ya Juni na baada ya Agosti.

Yaya, nimeunganisha kila kitu, feni inazunguka, skrini nyeusi. Nimeiua?

Pengine hapana, mdogo wangu. Chomoa. Toa RAM, irudishe kwa kusukuma pande zote mbili hadi ilie "ta". Bado? Bakisha kipande kimoja tu cha RAM. Bado? Angalia ile plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Wanaoanza huisahau kwa sababu ile kubwa huwaridhisha. Halafu kebo ya skrini: kama umeongeza kadi ya picha, chomeka kwenye kadi, si kwenye ubao. Huna skrini? Televisheni ya sebuleni yenye HDMI inatosha, watoto wakikubali.

Imewaka, lakini kila ukurasa wa intaneti unasema si salama.

Tazama tarehe. Kama mashini inadhani ni 2009, betri ya saa imekwisha, ile ya duara iitwayo CR2032. Ni volti 3, na wauza saa wanayo.

Na neno la siri linakataliwa, nami naliandika sawasawa.

Lina herufi "a", sivyo? Kibodi yako ni AZERTY ya Kifaransa, na mfumo uliowekwa unadhani ni QWERTY. Ukibonyeza "a", wenyewe unasoma "q". Jaribu kubonyeza "q".